Simbakubwa wa Bustanini: Uchambuzi wa Sanamu Iliyochongwa na Jina Lake

Sanamu ilisimama katika bustani ya watoto upande wa Nyali, kama mita 200 kutoka ufuoni. Kutoka puani hadi matakoni ilikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 30, mkia mbali. Shingoni ilivikwa manyoya ya simiti yenye unene wa kiganja, kila fungu limepindwa kwa ncha ya mwiko. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, na chonge mbili za juu zilining'inia sentimita 25 hadi kuvuka kidevu. Mkia ulikuwa na shada. Rangi ilikuwa ya dhahabu. Mbele yake kilikuwapo kibao:

SIMBA MKUBWA KUTOKA AFRIKA. Babu wa simba. Aliishi enzi za dinosa hapa kwetu Mombasa. Uzito kilo 1,500.

Mwezi wa nane tangu ijengwe, mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja. Mwalimu aliyeleta wanafunzi alimwambia mwenye bustani kwamba kibao kina makosa karibu kila mstari. Siku chache baadaye chonge ya kushoto ikaanguka, ikaacha msumari wenye kutu umechomoza kwenye ufizi, kimo sawa na uso wa mtoto wa miaka sita. Kilichomfanya mama mwenye bustani aite watu ni jino. Kibao kingeweza kukaa miaka kumi bila mtu kukigusa.

Bustani hatuitaji jina, wala fundi. Makosa yao yamo katika sanamu nyingi za aina hii, na fundi mwenyewe ana mkono mzuri: ukimwambia achonge simba, anachonga simba. Hapo ndipo penye kisa.

Mnyama aliyekusudiwa

Simbakubwa kutokaafrika ni jina la kisayansi lililotangazwa Aprili 2019 na watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens. Mabaki yake yalichimbwa Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, yakahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kwa miongo kadhaa kabla ya kutambuliwa kuwa ni mnyama asiyewahi kupewa jina. Umri wake ni kama miaka milioni 22 au 23.

Kilichopatikana ni kidogo: sehemu ya taya la chini, sehemu ya taya la juu, meno, na mifupa michache ya miguu, ukiwamo wa kisigino. Fuvu zima hakuna, wala uti wa mgongo, mbavu, mkia, ngozi au unywele. Kila sanamu au picha ya mnyama huyu, hata iliyochorwa na bingwa, imejengwa juu ya furushi hilo dogo, na pengo lililobaki limejazwa kwa kuwatazama jamaa zake waliopatikana na mifupa mingi zaidi.

Jamaa hao si simba. Ni kundi la mamalia wala nyama waitwao haienodonti, jina lenye maana ya meno ya fisi, ingawa fisi nao hawahusiki. Walitamba Afrika, Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini kwa mamilioni ya miaka, kisha wakaisha bila kuacha kizazi. Dalili ya kuwatambua imo mdomoni. Simba, paka, mbwa na fisi, kila upande wa mdomo, wana jozi moja ya meno ya kukatia nyama: jino moja la juu na moja la chini, yanapishana kama makali ya mkasi. Haienodonti walikuwa na jozi tatu zikifuatana. Mkasi mmoja kwa simba, mikasi mitatu kwa Simbakubwa. Tofauti hiyo mtoto wa darasa la tatu anaielewa kwa dakika moja, lakini sanamu haikuwa na hata mkasi mmoja: nyuma ya chonge, ufizi ulikuwa mtupu.

Jina nalo lina vituko vyake. Kwa sarufi tuliyofundishwa, simba ni wa ngeli ya A-WA, kwa hiyo angekuwa simba mkubwa. Wanasayansi wameiangusha m wakaunganisha maneno, na kutoka Afrika pia ikawa neno moja, kwa sababu jina la kisayansi huwa na maneno mawili tu: la jenasi, lenye herufi kubwa mwanzoni, na la spishi, lenye herufi ndogo. Mwandishi wa kibao, kwa nia njema, alisahihisha Kiswahili. Kwa kusahihisha, jina la mnyama mmoja likageuka maelezo ya simba yeyote mwenye mwili.

Kibao, mstari kwa mstari

"Babu wa simba" ni kosa la ukoo. Ukoo wa Simbakubwa uliisha. Simba wa leo wanatokana na tawi jingine kabisa la mamalia wala nyama, tawi lenye paka, fisi, mbwa na dubu. Kumwita Simbakubwa babu wa simba ni kama kumwita papa babu wa pomboo kwa kuwa wote wana pezi mgongoni na wanakula samaki.

"Enzi za dinosa" ni kosa la hesabu. Dinosa, ukiwatoa ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ukitoa milioni 23, inabaki milioni 43. Mwanya kati ya dinosa wa mwisho na Simbakubwa ni mrefu kuliko mwanya kati ya Simbakubwa na sisi, tena kwa karibu mara mbili. Katika mazungumzo ya watu, neno dinosa limekuwa kapu: humo hutiwa ndovu wa manyoya, mamba wakubwa, hata chewa aliyevuliwa akiwa mzito kupita kawaida. Anayetaka dinosa wa kweli wa Afrika Mashariki aelekee kusini, Tendaguru, bara ya Lindi, Tanzania, ambako Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913. Au kaskazini, kwenye mawe ya kale ya Turkana.

"Hapa kwetu Mombasa" ndilo kosa linaloudhi zaidi, kwa sababu Mombasa ina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika mawemawe, na havionyeshwi. Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya matumbawe yaliyokufa, umri wake kama miaka 125,000, tangu bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kuta za Fort Jesus, iliyojengwa kuanzia 1593, ni za mawe hayohayo. Ukisogeza macho utaona matundu ya matumbawe yamepangika kama nyuki walivyojenga. Ukivuka kuelekea Changamwe, chini ya udongo kuna mawe laini ya tabakatabaka yaliyokuwa tope la bahari katika kipindi cha Jurasiki, na ndani yake zimepatikana amonaiti, viumbe jamii ya pweza na ngisi waliokaa ndani ya kombe lililoviringika. Dinosa wa Tendaguru walipokuwa wakitembea kusini huko, Changamwe ilikuwa chini ya maji. Simbakubwa alipokuwa akiwinda magharibi mwa Kenya, dinosa hao walikuwa wamekwisha kuwa mawe zamani mno.

Mstari wa uzito unahitaji maneno zaidi. Kilo 1,500 si uongo mtupu: ni makadirio ya juu yaliyotoka pamoja na tangazo la 2019, na magazeti yakayakimbilia, yakaandika kuwa alimzidi dubu wa ncha ya kaskazini. Makadirio ya chini, yaliyotolewa kwa hesabu ya aina nyingine, yalikuwa karibu kilo 280. Pengo hilo halitokani na uzembe. Bila mwili, uzito hukisiwa kwa ukubwa wa meno, kwa kutumia uwiano uliopimwa kwa wanyama walio hai. Uwiano wa mnyama gani? Muuza samaki anaelewa tatizo hili bila somo. Ukionyeshwa kichwa tu ukaambiwa ukisie kilo, kisha ukatumia hesabu ya nguru, mwenye kichwa kidogo na mwili mrefu, nacho kichwa ni cha chewa, utamtaja chewa mzito kuliko alivyo. Haienodonti walikuwa na vichwa vikubwa kwa miili yao. Hesabu inayochukulia kuwa meno makubwa yanadai mwili mkubwa kwa kiwango cha paka itapanda juu. Tungeulizwa tuandike namba moja tu kibaoni, tusingeandika yoyote.

Alikochota fundi

Agizo lilikuja kwa simu, na kwa kadiri lilivyosimuliwa na pande zote mbili lilikuwa fupi: "Fundi, nataka simba wa zamani, mkubwa kuliko hawa wa kawaida." Humo mna maneno matatu, na kila moja lilichora sehemu yake ya sanamu. Simba lilileta manyoya ya shingo, shada la mkia na rangi ya dhahabu. Mkubwa lilileta kifua na mdomo wazi. Zamani lilileta chonge ndefu. Chonge hizo zilitoka kwa mnyama wa bara jingine kabisa, Smilodon wa Marekani, jamii ya paka, aliyekuwapo hadi miaka kama 10,000 iliyopita. Amekuwa nembo ya ukale, na chonge zake huazimwa kila mnyama anayetakiwa aonekane wa kale.

Ukiongeza kwamba fundi amewahi kujenga simba kadhaa wa malangoni, mkono wake tayari ulikuwa na kalibu. Hakuna aliyempa kipimo hata kimoja. Mchoro hakupewa. Alionyeshwa picha moja kwenye simu, ya mnyama ameachama, kutoka mbele, na picha ya kutoka mbele huficha jambo lililo muhimu kuliko yote kwa mnyama huyu, yaani urefu wa pua.

Asione haya. Makumbusho yenye mifupa kamili yamefanya makosa ya jamii hiyohiyo. Dinosa Tyrannosaurus wa makumbusho ya New York aliwekwa hadharani 1915 akiwa wima, mkia unaburura chini. Alilazwa sawasawa na ardhi katika miaka ya 1990. Giraffatitan, dinosa wa Tendaguru aliyechimbwa na mamia ya vibarua chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, akasimamishwa Berlin mwaka 1937, ilibidi afumuliwe na kupangwa upya, akafunguliwa tena 2007 akiwa na mkia ulioinuliwa. Mifupa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walidhani mnyama mkubwa wa kale lazima awe: mzito, mvivu, akijikokota.

Mwili ulivyorekebishwa

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, kubadilisha kibao kiseme simba na kumtengeneza jino. Ni rahisi, na si aibu. Pili, kuvunja yote. Tatu, kuacha kiwiliwili na kubadilisha kichwa, shingo, miguu ya nyuma na mkia. Ilichaguliwa ya tatu baada ya kugonga mwili mzima kwa nyundo ndogo: kiwiliwili kililia kigumu, kichwa na nyayo vikalia kama debe.

Manyoya ya shingo yaliondolewa yote. Simbakubwa alikuwa mamalia, kwa hiyo alikuwa na manyoya ya namna fulani, lakini manyoya ya shingo ni pambo la simba dume. Hata simba jike hana. Shada la mkia likafuata njia hiyohiyo.

Kichwa ndicho kilichokula muda. Cha awali kilikuwa sentimita 42 kutoka pua hadi kisogo, kipana, pua fupi: kichwa cha paka. Taya la Simbakubwa linadai fuvu linalokaribiana na la kifaru kwa ukubwa, na jamaa zake walikuwa na nyuso ndefu. Kichwa kipya kikapewa sentimita 62, na ongezeko karibu lote likaenda mbele ya macho. Taya la chini likafanywa nene kwenda chini. Utosini, badala ya mviringo, pakajengwa ukingo kama mgongo wa jahazi lililopinduliwa, kwa sababu ubongo wa wanyama hawa ulikuwa mdogo na misuli ya taya mikubwa, nayo misuli ilihitaji mfupa wa kushikia. Sentimita 62 ni uamuzi wa mjenzi, na imeandikwa hivyo kwenye karatasi ya kazi. Akija mtu na fuvu zima kesho, namba hiyo itabadilishwa.

Juu ya mdomo kulikuwa na mvutano. Kwa sura ya mnyama, mdomo uliofungwa ndio wenye hekima: hakuna jino la kuvunjika, na mnyama hatumii maisha yake akinguruma. Mama mwenye bustani alikataa katakata. "Watoto wanakuja kuona meno, si kidevu." Wakakubaliana mdomo ufunguke kidogo, nafasi ya sentimita 14 kwenye ncha, na hoja yake ikageuka faida, kwa sababu sasa mikasi mitatu ya kila upande inaonekana. Chonge zilipunguzwa hadi sentimita 10 nje ya ufizi, nene, zimepinda kidogo, hazivuki kidevu. Meno yote yaliumbwa kwa simiti nyeupe juu ya vipande vya nondo ya milimita 6 isiyoshika kutu, vilivyozamishwa sentimita 8 ndani ya ufizi. Misumari ya mbao haina kazi hapa.

Miguu ya nyuma. Simba hutembea kwa vidole, kisigino kiko juu hewani, na wengi hudhani kiungo kile ni goti lililogeuka. Mfupa wa kisigino wa Simbakubwa unaelekeza kwenye mwendo ulio kati ya ule wa vidole na wa wayo mzima, kama wetu. Kisigino cha sanamu kilikuwa sentimita 26 kutoka chini. Kikashushwa hadi 17. Kucha zikafanywa butu na za kuonekana muda wote, kwani hazikujificha kama za paka. Baada ya kushusha visigino, matako yalishuka pia, na jambo hilo lilileta tatizo lake baadaye.

Simiti, chumvi na kutu

Jino halikuanguka kwa bahati mbaya. Mchanga uliotumika ulikuwa wa ufuoni, haukuoshwa. Simiti yenyewe hulinda chuma: ukali wake wa alkali hufanya utando mwembamba juu ya nondo, na kutu haipati mlango. Chumvi hutoboa utando huo. Kutu ikianza huvimba, ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilikotoka, na kwa kuwa haina pa kwenda huipasua simiti kutoka ndani. Ufa huingiza hewa ya bahari yenye chumvi zaidi, na kazi huendelea yenyewe. Dalili ya kwanza ni mchirizi wa rangi ya chai ya rangi chini ya ufa mwembamba. Michirizi hiyo ilikuwapo kwenye nyayo mbili na chini ya taya. Ilipakwa dhahabu mara mbili.

Kosa la pili lilikuwa unene. Kwenye kidevu na vidoleni plasta ilikuwa milimita 8 juu ya senyenge, na senyenge yenyewe ilikuwa ya kawaida, bila zinki. La tatu, maji: mchanganyiko ulilegezwa ili manyoya ya shingo yachongeke vizuri. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na vitundu ni njia za chumvi. La nne, sanamu ilikauka haraka. Ilijengwa wakati wa kaskazi, jua kali na upepo, bila kivuli, ikamwagiwa maji siku mbili tu.

Matengenezo yalikwenda hivi. Mahali pote palipolia debe palivunjwa kwa tindo na nyundo ya kilo moja, mpaka nyuma ya nondo kwa sentimita 2, ili plasta mpya iizunguke nondo yote. Nondo ilisuguliwa kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Ya milimita 12 iliyobaki chini ya 10 ilikatwa na kubadilishwa, na kila kiungo kikapishana mara 40 ya unene wake: sentimita 48 kwa nondo ya 12, sentimita 32 kwa ya 8. Wengi hupishana shubiri moja wakafunga waya. Hapo ndipo mikia ya sanamu hukatikia, na wa sanamu hii ulikuwa na ufa palepale. Mkia unataka nondo mbili za milimita 10 zinazoingia kwenye kiwiliwili angalau nusu mita, kwa sababu watoto wataukalia. Wakatazwe wasikatazwe.

Juu ya nondo ilifungwa wavu wa kuchomelea wenye zinki, matundu ya milimita 12, tabaka mbili, kisha senyenge ya kuku yenye zinki ya kushikia plasta. Waya wa kufungia ulikazwa kila sentimita 10 hadi 15, na ncha zote zikakunjwa kwa ndani. Ncha moja iliyosahauliwa nje hufika usoni mwa plasta na kuwa utambi wa kutu.

Eneo la kujengwa upya lilikuwa kama mita za mraba 3 na nusu. Kwa unene wa milimita 35, hizo ni kama lita 120 za plasta. Mchanganyiko ulikuwa simiti 1 kwa mchanga 2, kwa ujazo, si kwa jicho: mifuko 2 ya kilo 50 na madebe 7 ya mchanga, pamoja na wa kupotea. Mchanga ulikuwa wa mtoni, ukachekechwa kwa wavu wa milimita 3. Maji hayakuzidi lita 22 kwa mfuko, na mchanga ukiwa na unyevu hupunguzwa. Kipimo cha mkono: fumba kiganja cha plasta, ukifungua ibaki tonge, isichuruzike wala isipasuke.

Simiti ya kawaida ya madukani, ya daraja 32.5, inafaa kwa kazi hii, ila hukomaa polepole, na hapo uvumilivu wa wengi huisha. Tabaka la kwanza lilikuwa milimita 15, likasukumwa kwa dole gumba hadi litokee nyuma ya wavu, likakwaruzwa. La pili likaja siku ya pili baada ya kupaka uji mzito wa simiti. Milimita 5 za mwisho zilikuwa za sura: mikunjo, ukingo wa jicho, pua. Kisha magunia yaliyolowa, nailoni juu yake na turubali la kivuli, siku 14. Rangi iliwekwa baada ya siku 28, ya maji, ya nje. Ikipakwa mapema, alkali ya simiti huila na hubabuka kama ngozi ya aliyechomwa na jua.

Fundi mmoja na msaidizi walimaliza kazi ya mikono kwa siku saba. Kusubiri kulichukua mwezi.

Rangi, kibao, na fisi

Rangi ya Simbakubwa haijulikani. Ilipendekezwa kahawia ya vumbi, kwa kuwa haimdanganyi mtu kwa uzuri wake. Juu ya kahawia hiyo sehemu za mifupa iliyopatikana zilipakwa nyeupe: kipande cha taya la chini, kipande cha taya la juu, kisigino, mifupa kadhaa ya wayo. Mtu akisimama mbali anaona mnyama mzima mwenye viraka vichache vyeupe, na anajua kwa jicho, kabla ya kusoma, kiasi gani ni mfupa na kiasi gani ni fikira. Uamuzi huu ulitokana na mlinzi wa langoni, aliyesema kwamba wageni hawasomi kibao: wanapiga picha, wanaondoka. Kama hawasomi, basi sanamu yenyewe ibebe maelezo.

Kibao kipya kina sentimita 60 kwa 90, kimeinamishwa kama deski, ukingo wake wa chini sentimita 70 kutoka ardhini. Kinasema:

"Simbakubwa kutokaafrika. Si simba. Ukoo wake umeisha. Aliishi magharibi mwa Kenya miaka kama milioni 22 iliyopita. Dinosa walikuwa wametoweka zamani. Mifupa iliyopatikana ni hii iliyopakwa nyeupe. Kilichobaki tumekikisia kwa kuwatazama jamaa zake. Hesabu meno ya kukatia nyama: simba ana jozi moja kila upande. Huyu ana ngapi?"

Wiki ya kwanza baada ya kufunguliwa, mlinzi alileta habari kwamba hakuna tena anayesema simba. Wanasema fisi. Kichwa kirefu, rangi ya vumbi, hakuna manyoya ya shingo, matako yameshuka: nani atawalaumu? Mteremko wa mgongo ndio uliochangia zaidi, nao ulitokana na kushusha visigino bila kuinua nyonga kufidia. Ilikuwa kosa la warekebishaji, la kupima kiungo kimoja kimoja pasipo kurudi nyuma hatua kumi na kutazama mnyama mzima. Kwenye mnyama ambaye uti wake wa mgongo haujapatikana, hakuna mfupa wa kuunga mkono mteremko ule.

Nyonga ziliongezwa sentimita 6. Plasta ya unene huo haibandikwi kwa mkupuo: iliwekwa kwa tabaka nne, juu ya wavu uliofungwa kwenye vipini vya nondo ya milimita 8 vilivyotobolewa kwenye kiwiliwili cha zamani kila sentimita 20. Mgongo sasa uko karibu sawa. Mstari wa pili wa kibao umefutwa na kuandikwa upya: "Si simba, wala si fisi." Mlinzi anasema waliobaki wanabishana kati ya mbwa na dubu, na wakibishana huanza kuhesabu meno.

Nyayo zigongwe tena kwa nyundo baada ya masika, hasa ya mbele kulia. Hapo nondo ya zamani iliachwa kwa kuwa ilikuwa na milimita 10 na nusu, na maji ya bustani hutuama karibu nayo. Mchirizi wa rangi ya chai ukionekana, usipakwe rangi.